Kabureta ya Gari la Zamani

Je, umewahi kuona Land Rover ya zamani katika barabara za Musoma, Bunda au Butiama? Magari ya aina hii yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Yale yaitwayo Series III yalitengenezwa tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985, na baadhi yake yangali yanatembea.

Tuchukue mfano. Land Rover ya petroli inatoka Musoma kwenda Butiama. Kabla ya kufika Makutano inaanza kutoa moshi mweusi na kukohoa. Mara inazimika. Petroli ambayo ingetosha safari ya kwenda na kurudi imekwisha njiani. Fundi anaifungua injini, anatazama, kisha anasema, "Kabureta imechakaa. Tafuteni nyingine." Atajuaje ni ipi inayofaa? Na akiisha kuifunga, ataipatanishaje na injini?

Kwanza tujifunze kazi ya kabureta. Petroli ikiwa majimaji haiungui vizuri. Kinachoungua ndani ya injini ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Kila kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 15 hivi za hewa ili iungue yote. Kazi ya kabureta ni kuchanganya vitu hivi viwili kwa kipimo hicho.

Hewa ni nyepesi sana, kwa hiyo kilo hizo huchukua nafasi kubwa. Dar es Salaam, kando ya bahari, lita 1 ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa. Lakini Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Musoma ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyo lita ile ile ya petroli huhitaji karibu lita 10,000 za hewa ikiunguzwa Musoma. Hizo ni sawa na mapipa 50 ya lita 200 kila moja. Fikiri mapipa hayo yamepangwa katika uwanja wa shule yenu, na kando yake imewekwa chupa moja tu ya petroli!

Sasa fanya jaribio hili ili uone jinsi petroli inavyoingia katika hewa.

Chukua glasi ya maji na mirija miwili myembamba ya kunywea soda. Simamisha mrija mmoja ndani ya maji, ncha yake ya juu ipite usawa wa maji kwa sentimita 1 au 2 tu. Shika mrija wa pili kwa ulalo, ncha yake iguse ukingo wa ncha ya mrija wa kwanza. Puliza kwa nguvu. Umeona nini? Tumia maji peke yake. Petroli isiletwe darasani kamwe.

Maji yalipanda katika mrija yakatawanyika kama manyunyu. Hewa uliyoipuliza ilipita kwa kasi juu ya mrija, na mahali hapo kanieneo, yaani msukumo wa hewa, ikapungua. Hewa iliyo juu ya maji ya glasi ilibaki na kanieneo yake, nayo ikayasukuma maji yapande.

Ndani ya kabureta mambo ni hayo hayo. Mahali pa glasi pana bakuli dogo la petroli. Ndani yake mna boya linalofunga njia petroli ikijaa, kama boya la tangi la maji. Mahali pa mrija uliosimama pana jeti, yaani kipande cha shaba chenye tundu jembamba. Pistoni inaposhuka, hewa huingia na kupita katika koo la kabureta. Koo hilo ni jembamba, kwa hiyo hewa huongeza kasi, na petroli hupanda kupitia jeti.

Turudi kwa fundi wetu. Kabla ya kununua chochote husafisha kabureta ya zamani na kusoma jina na nambari zilizopigwa juu ya chuma chake. Land Rover nyingi za Series III zilikuja na kabureta ya Zenith 36 IV. Siku hizi wengi hufunga Weber 34 ICH mahali pake. Nambari 36 na 34 ni upana wa mdomo wa kabureta kwa milimita. Hata hivyo nambari hiyo haitoshi. Fundi hupima nafasi iliyo kati ya matundu ya bolti, hutazama fimbo ya kikanyagio cha mafuta inafungwa upande gani, halafu huchomoa jeti na kusoma nambari yake. Jeti ya Weber yenye nambari 125 ina tundu la milimita 1.25. Huwezi kulipima kwa rula yako, lakini injini hutambua tofauti hata ya sehemu ndogo sana ya milimita. Kabureta iliyorekebishwa pwani huipa injini ya Musoma petroli iliyozidi kidogo.

Kwa kabureta za Zenith yako maradhi yanayojulikana. Uso wa kifuniko chake hupinda kwa joto la injini, petroli ikapenya pasipo njia yake. Fundi huuweka juu ya kioo bapa. Ukiyumba, umepinda. Pengine kuusawazisha uso huo hutosha, na mwenye gari haendi dukani.

Kabureta ikishafungwa, injini huwashwa mpaka ipate moto. Kuirekebisha ingali baridi ni kujidanganya. Zipo skrubu mbili. Moja huongeza au kupunguza mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Ya pili hutawala mchanganyiko unaotumika katika mwendo huo wa polepole. Fundi huikaza hii ya pili taratibu mpaka ifike mwisho, bila kuilazimisha, kisha huilegeza mzunguko mmoja na nusu. Baada ya hapo huigeuza kidogo kidogo huku akisikiliza. Injini ikizunguka kwa wepesi bila kutetemeka, huacha, halafu hupunguza mwendo kwa skrubu ya kwanza. Pengine hurudia mara tatu au nne.

Kazi hii hufanyiwa nje, mahali penye upepo. Petroli isiyoungua yote hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, nayo huua watu waliomo katika chumba kilichofungwa.

Baada ya safari ya kwenda Bunda, fundi huchomoa plagi. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini itapata joto mno. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotakiwa.

Magari mapya hayana kabureta; petroli hupuliziwa kwa vifaa vinavyoongozwa na umeme. Lakini pikipiki nyingi za kubebea abiria mkoani Mara bado zinayo. Mwombe mwenye pikipiki akuonyeshe, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Maswali

1. Kwa nini lita 1 ya petroli huhitaji hewa ya mapipa mengi zaidi Musoma kuliko Dar es Salaam?

2. Katika jaribio, maji yalisukumwa na nini?

3. Plagi ya pikipiki imetoka nyeusi. Jeti iliyomo ina nambari 125, na fundi ana nyingine mbili, za nambari 120 na 130. Ungemshauri ajaribu ipi? Toa sababu.