Gundi ikimwagikia gari lililobeba mzigo wako, usikimbilie thina

Wajasiriamali wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa wala bei. Naongelea gundi.

Sisi tunaouza mtandaoni kutoka huku Gonja, mizigo yetu inakwenda na Noah na bodaboda: kutoka Maore kupanda Bombo, au njia ya Kisiwani mpaka Same. Mimi nauza vifaa vya mafundi viatu na vya shule, kwa hiyo gundi inatoka dukani kila wiki. Na mnajua mambo ya stendi: mzigo unawekwa juu ya boneti wakati mnaandikiana namba ya mpokeaji. Kifuniko kikilegea kidogo, gundi iko kwenye rangi ya gari la mtu. Hilo gari ndilo linalomlisha na familia yake.

Hapo kila anayepita anageuka fundi. "Paka thina!" "Weka petroli!" "Kwangua na kisu!" Nimeshaona mtu anamwaga thina juu ya boneti. Gundi ilitoka kweli, ila rangi nayo ikatoka. Doa la gundi lilikuwa kama sarafu ya mia, la thina likawa kama sahani. Deni likaenda kwa mwenye mzigo.

Sababu ni hii. Rangi ya gari, matabaka yote pamoja, ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika, na mengine yameshapulizwa rangi upya huku huku. Rangi ya kupuliza ya bei nafuu thina inaila haraka kuliko rangi ya kiwandani. Kwa hiyo kabla ya kushika chochote, jua kwanza ni gundi gani.

1. Gundi nyeupe ya karatasi na mbao. Hii ni rahisi. Ikiwa mbichi, maji yanatosha. Ikikauka, lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kiweke juu ya doa robo saa, kisha futa taratibu.

2. Gundi ya njano ya viatu, na ulimbo wa stika. Hii inalainishwa na mafuta. Weka mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, au mafuta ya kupikia kama huna haraka. Kandamiza dakika chache, halafu visukume kwa kidole vitoke kama vipande vya mpira. Rudia mpaka viishe, kisha osha kwa sabuni. Sigara na moto vikae mbali.

3. Supaglu. Hii ndiyo yenye kesi. Inashika kwa unyevu ulio hewani, ndiyo maana inakauka ndani ya sekunde. Ikiwa mbichi usiifute na kitambaa cha pamba. Utaisambaza, halafu supaglu ikikutana na pamba inapata joto kali, inaweza kukuunguza vidole. Iache ikauke, kisha fuata hatua hizi:

- Sogeza gari kivulini, bati lipoe. Kwenye bati la moto dawa inakauka kabla haijafanya kazi.
- Osha eneo lote kwanza. Vumbi la barabara yetu ukilisugua ni msasa.
- Weka kitambaa chenye maji ya moto kiasi na sabuni, dakika 15 hadi 20. Rudia mara tatu au nne.
- Jaribu kunyanyua ukingo wa gundi kwa kucha au kadi ya plastiki. Usitumie kisu, wembe wala stili waya.
- Ikigoma, tumia rimuva ya kucha yenye asetoni. Ijaribu kwanza ukingo wa ndani wa mlango. Rangi ikilainika au ikihamia kwenye kitambaa, acha hapo hapo, mwite fundi rangi.
- Rangi ikivumilia, chovya pamba ya masikio na gusa juu ya gundi tu, sekunde chache, kisha futa na suuza kwa maji ya sabuni. Rudia kidogo kidogo. Usiloweke.
- Asetoni isiguse taa wala plastiki yoyote. Taa inapata ukungu na haurudi.

Ukimaliza, osha tena na upake polishi ya gari, maana ile ya mwanzo itakuwa imeondoka. Kikibaki kivuli chepesi, fundi rangi anaweza kukisafisha kwa kampaundi. Gharama yake haifanani na ya kupuliza boneti zima.

Sasa upande wa biashara. Dereva akiona gundi kwenye gari lake ana haki ya kukasirika. Usibishane. Mwambie, "Kaka, usiguse, nipe nusu saa." Piga picha ya doa kabla na baada, mbele yake. Ikibidi fundi, kubalianeni bei kwa fundi wenyewe, siyo kwa makadirio ya stendi. Dereva uliyemtendea haki ataendelea kubeba mizigo yako. Uliyemkimbia atawaambia wenzake wote wa njia hiyo.

Na kinga ni nafuu kuliko yote haya: zungushia selotepu kwenye kifuniko, tia kopo kwenye mfuko wa plastiki na uufunge, weka kwenye boksi likiwa wima, andika GUNDI kwa maandishi makubwa. Kisha mwambie dereva kwa mdomo wako nini kiko ndani. Na boneti ya mtu siyo meza ya kuandikia risiti.

Wewe unayetuma vimiminika, unafungaje mzigo wako? Tuambie hapo chini, wengine wajifunze.