Kalangalala kwa Herufi Nene

Andika KALANGALALA kwa herufi kubwa, kama ungependa ling'ae kwenye bango la duka katika kata yenye jina hilo mjini Geita. Ni herufi 11: A tano, L tatu, kisha K, N na G. Ukitumia fonti nene ya kijiometri, iliyojengwa kwa duara, mraba na pembetatu, jina linapasuka: KAL, ANGAL, AL, A. Tena linapasuka pabaya. Ulimi hutamka "la" kwa mkupuo mmoja, ila bango linaitenga L na A yake.

Chanzo ni maumbo yenyewe. L ina mguu chini na uwazi juu. A ni pana chini na nyembamba kileleni. Tuseme kimo ni sentimita 20, unene wa mistari 4, upana wa L 10 na wa A 20, kilele chake kikikatwa bapa kwa sentimita 4. Hata nyayo zikigusana, juu unabaki uwazi wa sentimita 14. A ikitangulia L, uwazi huo ni 8 tu.

Unene huo, moja ya tano ya kimo, ndio aliotumia Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, katika herufi zake za kupimia macho za mwaka 1862. Ukiuzidisha sana, tundu la A linazibika, na jina lenye A tano linageuka safu ya vichuguu.

Bikari na rula havitoshi. Paul Renner, Mjerumani aliyebuni fonti ya Futura ya mwaka 1927, alijua kwamba jicho hudanganyika: O hufanywa kubwa kidogo kuliko H ili zionekane sawa. Herb Lubalin na Tom Carnase wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Fonti yao ya Avant Garde ya mwaka 1970 ina jozi za herufi zilizoshikana, A ikiinama kumwegemea jirani.

Msanii wa mabango anaweza kufupisha mguu wa L, lakini asiufupishe hadi ifanane na I. Mimi ningeanza kwa kuziachanisha herufi nyingine, hasa N na G, mpaka nafasi zote zilingane na ile ya LA. Herufi ndogo nazo hupendeza: "kalangalala" huwa vijiti na viduara vinavyopokezana. Hatari yake ni kwamba a yenye umbo la duara na kijiti, ikinenepa, hufanana na o kwa mbali, na "bara" husomeka "bora".

Wabunifu wengi hujaribu fonti mpya kwa neno "Hamburgefonts". Lina A moja, na halina L wala K. Anayetaka fonti yake iuzwe Geita, Shinyanga au Mwanza aijaribu kwanza kwa KALANGALALA, kabla hajaamua mguu wa L uwe na urefu gani.