KOMPYUTA YA KALE NDANI YA KOMPYUTA YA LEO

Wenzangu wengi wameniuliza ule mtambo wenye kioo cha buluu tuliouonyesha Siku ya Wazazi ni kitu gani. Naomba nafasi kidogo nieleze, na papo hapo niungame kosa langu.

Mwaka 1982 ilianza kuuzwa huko Marekani kompyuta iitwayo Commodore 64. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64 tu. Ilikoma mwaka 1994, lakini programu zake hazikufa, kwa kuwa wataalamu wametunga programu ya kuiigiza, yaani emuleta. Tunayotumia sisi huitwa VICE, nayo hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS.

Kuigiza huku si jambo jepesi. Commodore 64 ya namna ya Ulaya ilipiga mapigo 985,248 kila sekunde, na picha moja ya kioo ilichukua mapigo 19,656. Watunzi wa michezo waliyahesabu mapigo hayo moja moja: rangi ibadilike pigo hili, si lile. Emuleta ikikosea pigo moja, picha yaweza kuharibika.

Basi, tuliweka emuleta ya toleo moja katika kompyuta mbili za shule. Yangu ilikuwa na Windows, ya mwenzangu wa bweni Linux. Kwangu wimbo ulitoka sawasawa, kwake ulikatikakatika. Nikatangaza mbele ya chama chetu kwamba mtambo wake wasema uongo, usionyeshwe kwa wazazi. Mwenzangu akanyamaza, nami nikajiona nimeshinda.

Mwalimu akaniuliza, "Umepima nini hata ukahukumu?" Akatuamuru tuandike programu fupi ya kuhesabu toka 1 hadi 10,000, kisha tutazame saa ya ndani ya Commodore imesogea kiasi gani. Majibu ya kompyuta zote mbili yalikuwa sawa!

Kumbe hesabu ya ndani ni ileile. Tofauti iko mlangoni. Mfumo endeshi ndio upelekao sauti kwenye spika na picha kwenye kioo, nao una kazi nyingi za kugawia zamu. Emuleta ikicheleweshewa zamu yake, akiba ya sauti huisha na wimbo hukatika. Akiba ya mwenzangu ilikuwa ndogo mno, na aliyeipunguza ni mimi mwenyewe wiki iliyotangulia, nikitaka sauti isichelewe. Tulipoiongeza, wimbo ukanyoka.

Vioo navyo vina mambo yake. Vya kwetu huchora mara 60 kwa sekunde, na Commodore ile hutoa picha 50 na kidogo. Hivyo baadhi ya picha huonyeshwa mara mbili, na kitu kinachotembea huonekana kushtukashtuka. Hata kwangu kilishtuka, ila sikutaka kukiona.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujauita mtambo mwongo, uliza kwanza: kosa li ndani ya hesabu, au li mlangoni? Mwenzangu nimekwisha kumwomba radhi bwenini. Lakini nilimshtaki mbele ya watu, na kwa hiyo leo namwomba radhi mbele ya shule nzima.