Je, Wajua Jinsi Tumbo la Mbega wa Mlima Meru Linavyosaga Majani?

Katika misitu ya miteremko ya Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, huishi mbega, kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe yanayoshuka kutoka mabegani hadi ubavuni, ambaye wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, humwona mitini kandokando ya Kreta ya Ngurdoto. Chakula chake kikuu ni majani, nayo majani yamejaa selulosi, yaani nyuzi ngumu zinazojenga kuta za seli za mimea, ambazo mwili wa mbega, kama ule wa binadamu, hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Siri ya kustawi kwake imo katika tumbo.

Kwa binadamu, chakula kilichotafunwa hushuka kupitia umio, ambao ni mrija unaounganisha koo na tumbo, kisha huingia katika mfuko mmoja wenye kuta za misuli ya tabaka tatu, ambayo hukikoroga huku tezi zikimwaga asidi kali pamoja na pepsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Chakula hicho hugeuka uji mzito, na pailorasi, yaani vali iliyo mwishoni mwa tumbo, huuruhusu kupita kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba. Katika mpangilio huo asidi hutangulia, nayo huua bakteria wengi walioingia na chakula.

Tumbo la mbega limegeuza utaratibu huo, kwa kuwa majani hupokewa kwanza na kifuko kipana kisicho na asidi kali, ambamo bakteria wengi mno huyachachusha, yaani huyavunja pasipo oksijeni. Uchachushaji huo hutoa gesi pamoja na asidi za mafuta zenye molekuli ndogo, ambazo hupenya ukuta wa tumbo na kuingia katika damu zikiwa chanzo kikubwa cha nguvu, na bakteria haohao hupunguza makali ya baadhi ya sumu ambazo miti hujikinga nazo dhidi ya walaji.

Kutoka hapo chakula hupita katika sehemu iliyo kama mrija mpana hadi sehemu ya mwisho, ambako ndiko asidi na pepsini hufanya kazi, na hapo bakteria waliosombwa pamoja na majani nao humeng'enywa, hata mbega akapata protini kutoka katika miili ya wale waliomsaidia kuvunja selulosi. Kazi hiyo hufanikishwa na lisozimu, kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, ambacho kwa wanyama wengi hulinda macho na mate dhidi ya vijidudu, lakini katika jamii ya mbega kimebadilika kikaweza kufanya kazi ndani ya asidi ya tumbo. Ng'ombe naye hutumia njia hiyohiyo, ingawa nasaba yake iko mbali na ya mbega. Tofauti ni kwamba ng'ombe hucheua, ilhali mbega hutegemea magego yake yenye ncha kali kuyakatakata majani kabla ya kuyameza.

Uchachushaji huchukua muda mrefu, ndiyo maana mbega hutumia zaidi ya nusu ya mchana akiwa amepumzika matawini, na hupendelea majani machanga, yenye protini nyingi na nyuzi chache. Matunda yaliyoiva yenye sukari nyingi yanaweza kumdhuru, kwa kuwa sukari huchachuka upesi na kuongeza asidi katika kifuko kinachopaswa kubaki bila asidi kali. Kwa hiyo kumtupia ndizi mbivu si ukarimu, na kuyalinda maisha yake kwenye miteremko ya Meru ni kuilinda miti yenyewe, kwa sababu tumbo lililojengwa kwa ajili ya majani haliwezi kuhamia kwenye chakula kingine pindi msitu unapokatwa.