Mugongo ikiuma hata usiku, usiseme ni kazi tu

Mu timu yetu kulikuwa ndugu mmoja, mutu wa kutoboa mawe. Mugongo ilianza kumuuma, akasema: "Njo kazi." Sisi wote tulisema vile. Ku dispanseri walimupa dawa ya maumivu, akarudia kazini. Miezi ikapita. Akakonda, usiku analowa jasho, kisha miguu ikakosa nguvu. Siku walipomupiga radio, mifupa mbili ya mugongo ilikuwa imekwisha kuliwa.

Ilikuwa TB. Wengi tunajuaka TB ya kikohozi. Lakini mikrobu inaweza kutoka mu mapafu, ikafuata damu, ikaingia mu mifupa ya mugongo ao ya shingo. Inakula mufupa polepole na kuleta usaha, na usaha ule unakandamiza uti unaopeleka nguvu ku miguu. Waganga wanaiita mal de Pott, jina la Percivall Pott, munganga wa Uingereza aliyeieleza mu 1779. Unaweza kuwa nayo bila kukohoa hata kidogo.

Kwa nini sisi watu wa mine? Vumbi ya mawe iko na silisi. Inaumiza mapafu, na mapafu iliyoumia inashindwa kuzuia TB. Anayetoboa bila maji na bila maski njo anaikula zaidi.

Bamama, muangalie bwana ku nyumba: maumivu ya mugongo ao shingo inayopita wiki tatu na haipungui usiku, homa ya mangaribi, kukonda, kinundu mu mugongo, ganzi ao miguu kulegea. Ikiwa ni shingo, hata mikono inalegea. Musimupeleke kukandwa. Mumupeleke ku CSDT, kituo cha TB. Pale dawa ya TB ni ya bure, hata kwa mucreuseur asiye na kontra. Makohozi peke yake haitoshi: muombe radio ya mugongo. Mwenye kontra akumbuke, Code du travail ya 2002 inamulazimisha patron kumutunza mufanyakazi na jamaa yake wakigonjwa.

Dawa inakunywewa miezi mingi, hata 12. Maumivu ikiisha, usiache.

Ndugu yetu alikunywa mpaka mwisho. Leo anatembea na fimbo, lakini ku mine hakurudia. Kamaradi, mwenzako akilia mugongo wiki ya tatu, usimujibu "njo kazi". Muite delege, mumusindikize.