Mgeni Katika Mji wa London

Huku kwetu Mollo, na katika uwanda wote wa Ufipa, mtu hapotei kwa urahisi. Nchi ni wazi, miti ni michache, na kilima kilichoonekana asubuhi chaonekana bado jioni. Tena ukishikwa na shaka, yuko mtu shambani; utamwamkia, naye atakuonyesha njia. Mji mkubwa wa Ulaya hauna mambo hayo. Majumba huziba macho, na watu hupitana kwa maelfu bila kusalimiana. Wasidhaniwe kuwa ni wajeuri: mtu akimwamkia kila apitaye katika njia za London, jua litakuchwa hajafika aendako.

Twapenda kuwakumbusha wasomaji habari za wenzetu watatu waliofika katika mji huo mwaka 1931. Nao ni Mtemi Makwaia wa Usiha, katika nchi ya Shinyanga. Bwana Francis Lwamgira wa Bukoba. Na Bwana Martin Kayamba, karani wa serikali huko Tanga, aliyesoma Kiungani, Unguja. Hawakwenda kutembea tu. Waliitwa mbele ya Halmashauri ya Bunge la Uingereza kutoa maoni yao juu ya neno zito: je, yafaa Tanganyika, Kenya na Uganda ziunganishwe? Waafrika wengi waliogopa kwamba masetla wa Kenya wangepata nguvu juu ya nchi zao. Basi na ufikiriwe mzigo wa mgeni wa namna hiyo. Hutembezwa, huonyeshwa maajabu, kisha hutakiwa aseme bila woga mbele ya wenye maajabu yale yale.

Sisi twaona kwamba dawa ya woga huo ni kuuliza kitu kimefanywaje. Litazameni gari la moshi lipitalo chini ya ardhi. Likisimuliwa hivi hivi, lafanana na uchawi. Lakini lina mwaka wake na kazi yake. Lilianza mwaka 1863. Mafundi walichimba handaki refu barabarani, wakajenga kuta na dari ya matofali, wakafukia juu. Magari yalivutwa kwa injini za moshi, na abiria walikohoa kwelikweli! Baadaye walitoboa chini zaidi, kwa kuwa udongo wa London, mwingi wake, ni wa mfinyanzi, hukatika vizuri wala hauvuji maji upesi. Na mwaka 1890 njia ya kwanza ya namna hiyo ikaanza kutumia nguvu za umeme. Wazee wetu Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu ya udongo yaliyo marefu kupita mtu. Hapana shaka mgeni aliyeyaona alishangaa. Bali fundi wake alijua kuwa ni udongo, makaa na mawe ya chuma.

Na mgeni asipotee, afanyeje? Mwaka 1933 ilitolewa ramani ya njia zile iliyobuniwa na Bwana Harry Beck, aliyezoea kuchora michoro ya mitambo. Hakufuata umbali wa kweli. Alinyosha mistari, akaipa kila njia rangi yake. Aliona kwamba abiria hataki kujua yuko chini ya mtaa gani, ila apande wapi, abadili wapi, ashuke wapi. Kwa bahati mbaya wenzetu walikuwa wametangulia miaka miwili.

Kabla yao, mwaka 1902, Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na mwandishi wake, Ham Mukasa, akaandika habari za safari ile. Bwana Kayamba naye alifanya vivyo hivyo, tena kwa Kiswahili, na kitabu chake kikatoka mwaka 1932. Alikiita *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Neno hilo la pili latupendeza zaidi, maana wengi warudio toka safarini hutuletea la kwanza tu.

Ama Halmashauri ile, ilitoa shauri lake mwaka ule ule wa 1931, ikasema kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizi haujafika.