Rusumo: Mji wa Darajani Baina ya Pwani na Msitu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Kigali kwa njia ya barabara huwa amekwisha kuikata Tanzania nzima, kilometa zipatazo 1,300, kabla hajauona Mto Kagera. Naye aghalabu huufikia akiwa hoi, viungo vimemkakamaa kwa kukaa, hana haja nyingine ila pasi yake igongwe muhuri apate kuendelea. Kwa sababu hiyo Rusumo, mji mdogo wa Wilaya ya Ngara uliojibanza mteremkoni juu ya maporomoko ya maji, umekuwa mmoja wa miji ambayo watu wengi mno wameipita na wachache sana wameizuru. Nia yangu katika makala haya ni kumsihi msafiri huyo ashuke garini, akae walau mchana mmoja, atazame mto na watu wake, kwani sijui mahali pengine katika nchi yetu ambapo habari za pwani na habari za bara ya mbali zimekutana kwa dhahiri kama hapa.

Nyuma ya msafiri iko pwani ya minazi na majahazi; mbele yake, ng'ambo ya vilima vya Rwanda, uko msitu wa Nyungwe, na baada ya Nyungwe kuna Ziwa Kivu, na baada ya Kivu unaanza ule msitu mkuu wa Kongo ambao hauishi hata ukaribie Bahari ya Atlantiki. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam mchele, saruji, mafuta na nguo hupita hapa usiku na mchana, mengine yakiishia Kigali, mengine yakienda Goma na Bukavu. Maji nayo hufuata mwendo wa kinyume: mto Rukarara, unaohesabiwa na wataalamu kuwa miongoni mwa chemchemi za mbali kabisa za Mto Nile, huzaliwa ndani ya msitu wa Nyungwe, ukaungana na mito mingine, ukapita katika mabwawa ya mafunjo, hata ukawa Kagera. Hivyo shehena hupanda kutoka baharini na maji hushuka kutoka msituni, na viwili hivyo hupishana chini na juu ya daraja moja.

Maporomoko yenyewe si marefu. Kimo chake ni mita 15 hivi na upana wake mita zipatazo 40, na mtu aliyekwisha kuona Kalambo kule Rukwa hatashangazwa na urefu. Lakini yana nguvu na yana rangi. Kwa kuwa mto huu hukusanya udongo wa mashamba ya vilima vya Rwanda na Burundi, maji yake ni mekundu kama chai ya maziwa, hasa wakati wa masika, nayo hujibana baina ya miamba yakirusha ukungu unaolowesha nguo za watu waliosimama darajani. Juu kidogo ya maporomoko, Mto Ruvubu, ambao umetoka Burundi na kupita katika Wilaya ya Ngara, humwaga maji yake katika Kagera. Na mwenye kutazama kwa makini siku ya anga safi anaweza kuona rangi mbili zikitembea sambamba kabla hazijachanganyika. Kutoka hapo Kagera huelekea kaskazini ukitenga Tanzania na Rwanda, kisha hugeuka mashariki, ukapita Kyaka, ambako daraja lake lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978, hata ukaingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Katika mito yote iingiayo ziwa hilo hakuna uletao maji mengi kuliko huu. Mkoa wenyewe wa Kagera, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la mto baada ya vita vile na Amin.

Tarikhi ya watu wa pwani katika nchi hizi ni ya zamani kuliko barabara. Mwaka 1861 wasafiri Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakiongozana na wapagazi na askari kutoka Unguja, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, walipita katika nchi ya Usui, ambayo leo imo katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Na Mtemi Suwarora akawaweka siku nyingi akidai hongo ya nguo, nyaya na shanga kabla hajawaruhusu kwenda Karagwe kwa Mfalme Rumanika. Huko Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na maskani yao ya biashara ya pembe. Lakini walipotaka kuvuka kwenda Rwanda walizuiwa, kwani wafalme wa Rwanda hawakupenda misafara ya pwani iingie nchini mwao. Kwa muda mrefu, basi, Kagera ulikuwa ndio ukomo wa njia ya pwani.

Ukomo huo ulivukwa mwezi Mei 1894, hapa hapa Rusumo, na msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen. Msafara huo uliondoka Pangani mwezi Desemba 1893 ukiwa na mamia ya wapagazi, ukaonana na Mfalme Kigeli Rwabugiri wa Rwanda, ukafika Kivu, ukaingia msitu wa Kongo, na mwisho wa mwaka 1894 ukatokea pwani ya Atlantiki. Götzen baadaye alipata kuwa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na zama zake ndipo vilipotokea Vita vya Maji Maji. Na meli iliyopewa jina lake katika Ziwa Tanganyika ndiyo ile tuijuayo leo kwa jina la MV Liemba. Nami kila nikisimama penye maporomoko haya huwafikiria zaidi wale wapagazi, waliotwikwa mizigo kutoka bahari moja hata bahari nyingine kwa miguu yao, ambao majina yao hayakupewa meli wala mtaa, ilhali bila mabega yao safari ile isingalifika hata Korogwe.

Mpaka wa leo nao una habari yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Wajerumani wakafukuzwa, Waingereza waliitaka sehemu ya Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, kwa ajili ya reli waliyoitamani kutoka kusini hata kaskazini ya Afrika. Wakaichukua, kisha mwaka 1924 ikarejeshwa. Bugufi, ambayo ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi, haikurejeshwa. Ilibaki Tanganyika, na sasa ni sehemu ya Ngara. Ndiyo maana Mhangaza wa Ngara na Mrundi wa ng'ambo husikilizana bila mkalimani.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu huwa nzito. Tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Siku zilizofuata, wavuvi na wapita njia wa Rusumo waliona maiti zikiletwa na mto, zikiporomoka juu ya miamba, zikichukuliwa na mkondo hata Ziwa Viktoria, ambako watu wa Uganda walizivua na kuzizika. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa zisizozidi 24 hivi, watu wakadiriwao kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania. Daraja lile lilikuwa limejengwa mwaka 1972, jembamba, la kupita gari moja kwa wakati; na umati ule ulipita juu yake na magodoro, sufuria, mbuzi, wazee waliobebwa na watoto waliofungwa migongoni, huku mapanga waliyonyang'anywa mpakani yakigeuka lundo kando ya njia. Watu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikiri kwamba walikuwa hawajapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa muda mfupi kiasi hicho.

Walikusanywa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara na kuacha hapo kambi yake na bwawa la maji. Katika muda wa wiki chache Benaco ikawa inatajwa kuwa mji wa pili wa Tanzania kwa wingi wa watu, baada ya Dar es Salaam. Miongoni mwa wale waliovuka walikuwamo wasio na hatia, waliokuwa wengi, na walikuwamo pia wauaji waliojificha katika umati. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo upande wa Rwanda, alikuwa mmoja wao. Alikamatwa Tanzania mwaka 2001, akahukumiwa na Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha mwaka 2004, na rufaa ya mwaka 2006 ikamwongezea adhabu kuwa kifungo cha maisha. Wengi wa wakimbizi wa Rwanda walirudishwa mwezi Desemba 1996 kwa njia ile ile ya daraja. Wakimbizi Warundi wa kambi ya Lukole, nayo ya Ngara, walikaa miaka mingi zaidi.

Wahangaza na Wasubi wa vijiji vya jirani, ambao idadi yao katika wilaya nzima ilizidiwa na idadi ya wageni, ndio waliokuwa wenyeji wa msiba huu. Misitu yao ilikatwa kuwa kuni, migomba yao ilivunwa usiku, chemchemi zao zilikauka kwa kuchotwa, na ujambazi wa silaha uliingia katika njia walizokuwa wakipita bila hofu. Ni kweli kwamba wako waliopata ajira na soko, na barabara na zahanati zilipatikana. Lakini faida hiyo hailingani na walichotoa. Dunia imewashukuru wafadhili na mashirika katika vitabu vingi, na wakulima wa Kasulo na Rulenge wametajwa kwa mistari michache. Mimi naona ni haki, na wala si jambo la gharama kubwa, kwamba pale Benaco ambako leo kuna njia panda, vituo vya mafuta na maegesho ya malori, pawekwe jiwe lenye maandishi ya Kiswahili na Kihangaza, likieleza yaliyotokea na ni nani waliowapokea watu wale.

Daraja la sasa ni jingine. Limejengwa kwa msaada wa Japani, urefu wake mita 80, na lilizinduliwa na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame tarehe 6 Aprili 2016, miaka 22 kamili tangu siku ile ya msiba. Magufuli, mzaliwa wa Chato, ambayo hata mwaka 2005 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Biharamulo, aliifanya safari hiyo kuwa ya kwanza kwenda nje ya nchi tangu awe Rais. Pamoja na daraja kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha. Utaratibu wake ni huu: mwenye kutoka Tanzania hasimami upande wa Tanzania, huvuka moja kwa moja hadi upande wa Rwanda, ambako maofisa wa uhamiaji na forodha wa nchi mbili wameketi chini ya paa moja, akamaliza ya kutoka na ya kuingia kwa mara moja, na mwenye kutoka Rwanda hufanya vivyo hivyo upande wetu. Dereva naye huwa na jambo lake la kukumbuka, kwa maana Tanzania tunaendesha kushoto na Rwanda huendesha kulia.

Maisha ya mji yamefuata daraja. Wako mawakala wa forodha wenye ofisi za chumba kimoja, wabadilishaji wa fedha wenye mabunda ya shilingi na faranga, bodaboda, mafundi wa matairi, na akina mama lishe ambao vyungu vyao vina ndizi za kupika na maharage, vyakula vya asili ya hapa, pamoja na wali na sangara kwa madereva wa pwani wasioshiba ndizi. Lugha husikika tatu kwa pamoja. Mtu huagiza chai kwa Kiswahili, akasalimiwa amakuru kwa Kinyarwanda, akagombezwa kwa Kihangaza. Tangu Rwanda ilipokubali Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017, maofisa wa upande ule nao wamekitumia kwa uhodari zaidi, na karani wa Kigali na dereva wa Tanga huelewana bila taabu.

Na mto haukuachwa uende bure. Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga hapa mtambo wa umeme wa megawati 80, kwa fedha za Benki ya Dunia zilizopitishwa mwaka 2013, na kila nchi hupata theluthi moja. Msomaji anaweza kuuliza Burundi imepataje fungu ilhali haipakani na maporomoko haya. Jawabu lake ni Ruvubu, kwani nusu ya hadithi ya maji haya imeandikwa katika vilima vyake. Upande wetu umeme huo husafirishwa kwenda Nyakanazi, Wilaya ya Biharamulo, ambako huungana na gridi ya taifa.

Mwenye kukusudia kwenda na achague miezi ya Juni hata Agosti, wakati njia ni kavu na Ngara ina baridi ya kupendeza asubuhi. Asipige picha daraja wala mtambo kabla hajaomba idhini, na kama anataka kuvuka awe na pasi au hati ya safari. Akirudi, badala ya kushika moja kwa moja njia ya Kahama, apinde Lusahunga kuelekea Biharamulo, ambako lingali boma la Wajerumani; na njiani atapita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, katika misitu ile ile ambayo miaka iliyopita mabasi yalikuwa hayapiti bila kusindikizwa na polisi wenye bunduki, na ambayo sasa abiria huipita wamelala.